Pale Inapowezekana

Mjane wa Joost Vercauteren amenipigia simu alfajiri.
Anataka tanzia: maneno mia mbili, gazeti linafungwa saa nane.
"Si yeye aliyekufunza kazi?" akauliza,
nikasikia birika likianza kupiga mluzi jikoni kwake, Ixelles.

Basi naandika.
Alizaliwa Aalst, mwana wa mpiga chapa,
akasoma herufi za risasi kinyumenyume
kabla ya kuzisoma kama sisi.
Nafuta "kama sisi."

Miaka kumi na tisa: vipeperushi vya chama cha wafanyakazi.
Ishirini na minne: vya wapinzani wao,
mashine ileile, wino uleule,
hata lile doa la kidole gumba pembeni.
Kisha msemaji wa waziri wa kilimo,
hadi waziri alipoangushwa na kashfa ya nyama ya nguruwe,
na Joost akatokea mlango wa uani
na daftari la namba za simu chini ya koti.

Hakuwahi kutoa bahasha, hili niliandike.
"Bahasha ni ya mvivu," alikuwa akisema.
Yeye alijua karani yupi akila karanga huvimba midomo,
mbunge yupi amefiwa na mbwa, na mbwa aliitwaje.
Kila Alhamisi mikunga kwa mchuzi wa majani mabichi,
meza ya pembeni, mgongo ukutani,
akiuma na kupuliza, akiuma na kupuliza,
mpaka mwenye kidole akaondoka akishukuru.
Wenzake walipiga debe. La kwake halikuwahi kulia.

Na usiku ule wa Novemba (nilikuwepo,
nilibeba sinia la kahawa)
saa tano, kamati imechoka,
wakalimani wamevua viatu ndani ya vibanda vyao.
Sheria ilisema: viwanda vya zinki lazima viweke vichujio.
Joost akainama kidogo,
kama mtu anayeokota kifungo kilichodondoka,
akalitoa "lazima,"
akapachika maneno yake mawili mwishoni.
Wakapiga makofi, kwa kuwa sasa wangelala.
Nami nilipiga. Sinia nililiweka chini kwanza.

Haikuwezekana, bila shaka.
Miaka kumi na minne haikuwezekana.

Akaja mwalimu kutoka Hollerbeke,
Godelieve Stroobants, koti la mvua, viatu vya matope,
na chupa ya jamu iliyojaa vumbi la kijivu
alilolifuta madirishani mwa darasa lake, wiki moja tu.
Hakupaza sauti. Aliiweka mezani.
Joost akamkaribisha chai, akamsikiliza dakika arobaini,
akamsindikiza hadi barabarani,
akamshikia mwavuli mpaka teksi ikaja.
Wateja wetu walimsifu sana kwa ule mwavuli.

Chupa aliipandisha rafuni, kati ya tuzo mbili za kioo.
Sikumwona akiifungua. Sikumwona akiitazama.
Ila msafishaji aliyeisogeza akipangusa
aliambiwa, kwa upole, airudishe palepale.
Siku ya kustaafu, tuzo aliziacha.

Saa saba na nusu. Nina maneno mia moja tisini na manane:
mshauri, mpatanishi, mpenda bustani.
Yamebaki mawili.

Simu tena. Mjane anapanga vitu vyake.
"Kuna chupa hapa ya majivu, sijui ya nini.
Kifuniko kimeshika kutu. Niitupe?"

Alinifunza kwamba kila swali lina jibu lisilojibu.
Nalitafuta. Kule birika linapiga mluzi.
"Usiitupe," nasema.
"Kwani ni ya nini?"

Namwambia azime jiko kwanza, akae.