Ya Pili

Ijumaa, Mabela. Nje nyuzi arubaini na sita,
paka wa jirani kajibanza chini ya Prado,
na sisi tumejilaza zuliani kama samaki wa kuanikwa,
pilau imeshaliwa, sufuria limerowekwa.
Muhenna kashika rimoti kama kadhi na kalamu yake:
"Leo hatoki mtu mpaka tuchague.
Filamu tatu, kura moja moja.
Na siri hakuna, humu sote ndugu."

Rayya hakungoja. Ya kwanza!
Ya kwanza, wallahi, wala haina mjadala:
yule kijana mhunzi anapoaga kwao alfajiri
na ufunguo kaushonea ndani ya pindo,
mlima ungali mlima tu, haujasema neno,
na wote saba wangali hai, wanataniana, wanagombania mkate.
"Mie wakishalipita lango la kijiji," akasema,
"huzima. Nawaacha njiani, wazima."

Muhenna, ya tatu. Nani hakujua?
Kaitazama mara kumi na moja, na bado hujisogeza mbele
mnara unapopasuka,
na maji ya chumvi yanapowarudisha wafu ufukweni,
wamesimama, wanajikung'uta mchanga.
Mara ya kwanza, sinema ya Shatti,
alifuta macho kwa ncha ya kilemba
akasema bisi zina pilipili.

Mimi nikasema ya pili.

Wakanicheka. Ya pili! Nani hupenda ya pili?
Haina mlango wa kuingilia wala kitanda cha kulalia,
inaanza watu wamechoka, inaisha watu wamo shimoni,
kamba imekatika, skrini nyeusi, basi.

Ndiyo. Lakini mwaka ule mzima walikaa shimoni
nami nilikuwa na miaka kumi na tisa,
shule nimemaliza, kazi sijapata,
kila Jumapili naenda Ruwi na bahasha ya vyeti
narudi na bahasha ileile, imelegea kwa jasho.
Nikipiga mswaki nawakumbuka: bado wamo mle.
Nikila, bado wamo.
Sikukuu ikaja, halua ikaliwa, bado wamo.
Sijapata kusubiri na watu vizuri kama vile.
Ya tatu ilipokuja ikawatoa kwa dakika nne,
kwa ngazi tu, ngazi ya kawaida,
nikaona nimeibiwa.

"Haya, na Mama?"
Mama, ambaye hulala kabla jina la filamu halijaandikwa,
kafumbua jicho moja:
"Ile yenye mbuzi."

Mbuzi? Tukatazamana.
Farasi wamo, joka limo, mbuzi hayumo.
Rayya kaapa. Muhenna karudisha nyuma, kapeleka mbele,
majeshi yakikimbia kinyumenyume, wafu wakirejea majini,
hata ikaadhiniwa Magharibi, tukasali, tukaendelea.
Tukampata. Filamu ya pili, penye kivuko, mvua,
mhunzi na wenzake wanaparamia chelezo,
na ukingoni, sekunde sita, labda saba,
mbuzi mweupe kafungwa kwenye kigingi
anawatazama wakienda.

"Huyo," Mama akasema. Sasa kaketi.
Mama aliyetoka Bujumbura na miaka minane,
usiku, nyuma ya lori,
ambaye hajapata kutuhadithia kitu cha huko
ila kwamba ndizi zake zilikuwa tamu.
"Walirudi kumfungua?"

Kura mbili. Ya pili ilikuwa imeshinda
wala hakuna aliyehesabu.
Tulimgeukia Muhenna, anayeijua ya tatu kwa ghibu.
Kiyoyozi kikinguruma. Rimoti i mkononi.
"Ngoja," akasema. "Ngoja niangalie."