Homa Isiyo na Homa

Natafuta manjano.
Kila asubuhi, kabla ya uji, namsimamisha Ausi mlangoni,
namvuta kope ya chini, naangalia.
Weupe.
Weupe wa muhogo uliomenywa sasa hivi.

Manjano yote ya Newala yako nje:
dumu letu kwenye foleni ya bomba,
salfa kwenye nyusi za baba yake mikorosho ikipuliziwa,
mabibo yaliyoanguka usiku, nzi wameyawahi.
Machoni mwa mwanangu hakuna.

Nilikwenda kliniki kwa ajili ya mimba, si kwa ajili yake.
Tone la damu, kijiti, mistari miwili.
Bi Nambunga akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
Somoe, akasema, mlete na yule mkubwa.

Mkubwa! Ana miaka saba.
Alikuja mbio, goti lina vumbi,
shavu limejaa ming'oko ya kuchemsha,
akalilia sindano, si ugonjwa,
kisha akakataa kutoa pamba mkononi
mpaka wenzake waione.
Mistari miwili.

Wanaiita homa ya ini.
Nikamgusa paji la uso: baridi kama mtungi.
Homa gani hii isiyo na homa,
haitapiki, haikosi shule,
imekaa ndani kama mpangaji anayelipa kodi mapema
ili mwenye nyumba asigonge mlango?

Watoto wengi ndivyo, akaniambia Bi Nambunga.
Usingoje dalili.
Anaweza kucheza hivi hivi miaka ishirini.
Nikahesabu kwa vidole. Vikaisha.

Na mimi ndiye niliyekuwa nikimbembeleza:
ini langu, nyongo mkalia ini, lala.
Nilimpa siku ya kumzaa,
pamoja na masikio ya babu yake.
Hakuna aliyeniambia kwamba nina cha kumpa.

Mama mkwe ametenga kikombe cha Ausi, kile cha bluu.
Nimekirudisha katikati ya vingine.
Wembe, mama, wembe ndio wa kutenga.
Na jando likija, Mfaume, kisu kiwe chake peke yake,
nitakinunua mimi.
Hakujibu. Alikuwa anakung'uta shati.

Sasa kila kitu ni dalili.
Akikaa kivulini katikati ya mpira: ni ini, au ni jua?
Akiacha ugali: ni ini, au ni mabibo aliyokula njiani?
Tutarudi kupima Desemba, minada ikiisha,
kisha Juni, kisha Desemba.
Nimeandika kwa mkaa nyuma ya mlango.

Leo amenishika mkono, kope ingali kidoleni.
Unatafuta nini, mama?
Mchanga.
Na mimi nikutafutie.

Nikainama. Kidole kinanuka mabibo.
Akakawia.
Tangu siku ya kliniki hakuna aliyekawia hivyo machoni mwangu.
Haumo, akasema,
akarudi kwenye mpira.