Athari Moja

Hospitali ya Ibra walimpa baba dumu la kahawia,
lita tatu, kifuniko cheupe,
na karatasi ya Kiarabu aliyoisoma kwa kuinuka nyusi:
ule wa kwanza wa alfajiri mwaga, andika saa,
kisha lisipotee hata tone
mpaka alfajiri ya pili.

"Nifundishwe kupima maji, mimi?"

Miaka thelathini na moja alikuwa mwangalizi wa falaji.
Mchana kwa kivuli cha kijiti,
usiku kwa nyota zichomozazo nyuma ya mlima,
aliugawa mkondo athari kwa athari.
Athari, huku, ni nusu saa ya maji,
si kile kibakiacho jambo likishapita.
Aliyezibua mfereji kabla ya zamu yake
alimtoza faini, awe hata shemeji.

Basi dumu likakaa ndani ya friji
kati ya laban na bakuli la tende,
na mama mdogo Shinuna akaacha kunywa laban.

Baba aliandika kwa kalamu ya risasi
katika daftari lilelile la falaji:
saa mbili na robo. Saa tano kasorobo. Saa tisa.
Halafu pengo,
hadi baada ya isha.

Sikuuliza. Nilikuwa nakamua tui.
Kifumbu hiki alikuja nacho bibi kutoka Chake;
matundu mengine yameziba, mengine yamelegea,
machicha yanapenya.
Daktari alisema hivyohivyo juu ya mafigo,
ila kwa maneno ya bei.

Saa sita usiku akagonga mlango wangu.
"Thureya. Msikitini, baada ya magharibi.
Sikujiweza.
Nimeiba athari moja."

Tukamwaga lote chooni, tukaanza upya alfajiri,
bila kusemezana.

Jumatano jibu likatoka, pamoja na la damu.
Daktari akaizungushia namba duara:
thelathini na nane.
"Kwa saa?"
"Kwa dakika, mzee. Mililita."
Baba akafumba macho, vidole vikitembea juu ya goti,
dakika sitini, saa ishirini na nne.

"Lita hamsini na nne na ushei kwa siku," akasema.
"Mtende mchanga haufi kwa hayo."

Ndani ya gari, taa nyekundu ya tatu,
akafungua kioo, upepo wa moto ukaingia.

"Ila kiangazi, mwanangu,
hicho kinakuja."