Bei ya Mtutu Mmoja

Delbert, kabla hujafungua kabati, tuelewane:
nina dola mia mbili na kumi na tano,
na hizo kumi na tano ni za petroli ya kunirudisha bondeni.
Usinionyeshe lile jeusi lenye darubini.
Sina ugomvi na jeshi la mtu.
Nimekuja kwa sababu ya usiku wa nne.

Unaikumbuka barafu ya Februari,
ilivyozivika nyaya kioo
mpaka nguzo zikapiga magoti njia nzima ya mtoni
na upande wetu wa Kentaki ukazimika kama mshumaa.
Siku tisa. Simu ilikufa siku ya pili.
Nililala jikoni, miguu kwenye jiko la kuni,
soksi tatu tatu,
ndipo kitasa cha mlango wa nyuma kikazunguka.
Taratibu. Mara moja. Kikarudi.
Hakuna aliyepiga hodi.
Hakuna aliyeita, Oneida, ni mimi.
Asubuhi nyayo zilikuwa kwenye theluji:
zimekuja, zimesimama sana, zimeondoka.
Za mtu mzima. Zaidi ya hapo sijui.
Sherifu yuko mwendo wa dakika hamsini,
barabara ikiwepo.

Hii bastola? Nyepesi, kweli, inaingia mfuko wa aproni.
Lakini vidole hivi vimesugua masufuria ya shule
miaka ishirini na sita,
haviwezi kukivuta hicho chuma nyuma. Tazama.
Umeona?
Rahisi huvunja upishi, Delbert, na mimi ni mpishi.

Basi ile ya kusukuma, ya risasi tano.
Ngoja.
Igeuze.
Hapo kwenye kitako, chini ya kidole chako,
kuna alama za meno ya mbwa.
Hiyo ni ya Burl.
Niliileta mwenyewe, Oktoba ile ya mashine ya kusafisha damu,
ukanihesabia mia moja na arobaini
juu ya kioo hikihiki.
Leo karatasi yake inasema mia tatu na tisini.
Sikulaumu. Duka ni duka,
hata wewe una mlango wa kulinda.
Niachie tu niishike.

Haya.
Irudishe.

Nipe ile ya pembeni, ya mtutu mmoja,
ile iliyofungwa waya wa shaba shingoni.
Mia na kumi? Sawa.
Geji ishirini haitaning'oa bega.
Inakatika katikati kama mkate,
unachungulia, unauona mwanga upande wa pili,
unajua kama ina kitu au haina.
Ndiyo ninayoitaka: isiyonificha jambo.
Ati risasi moja haitoshi?
Labda. Labda ile ya pili
ndiyo ambayo mtu huijutia.

Ongeza kufuli. Mjukuu wangu Coy huja Jumamosi,
ana miaka sita na hakuna droo asiyoijua.
Boksi moja la risasi, lile dogo.
Na redio ile ya kuzungusha mkono,
maana usiku wa sita nilianza kujisomea
maandishi ya kopo la maziwa kwa sauti.
Imebaki thelathini na tano?
Acha ibaki. Barafu haijasaini mkataba na mtu.

Lete fomu ya serikali nijaze.
Kalamu yako haiandiki. Hii nayo haiandiki.

Jambo moja sijakwambia.
Usiku wa tano niliweka nje, juu ya ngazi,
bakuli la maharage, nikalifunika kwa kitambaa,
nikarudi ndani nikaegemeza kiti mlangoni.
Sikulala.
Asubuhi bakuli lilikuwa palepale,
limesuguliwa kwa theluji likang'aa,
na kitambaa kimekunjwa mara nne,
pembe kwa pembe,
kama anavyokunja mtu aliyelelewa na mama.

Hapana, bado naitaka.
Andika risiti.