Upungufu

Naishi Pasua, na kazi yangu ni kupasua.
Majirani hucheka nikiwaambia.
Si magogo, si kokoto: ni protoni,
na hazigonganishwi hapa, ni huko mbali,
kwenye handaki la duara chini ya mashamba ya Wazungu.
Mimi naletewa makombo kwa bando la usiku,
saa nane, mbwa wa mama Aikaruwa wamenyamaza,
luku imebaki yuniti tatu.

Kila mgongano naujumlisha.
Kilichorukia kushoto, kilichorukia kulia,
lazima vifutane, ibaki sufuri.
Ndiyo sheria, na sheria ni msumeno.
Lakini huja mmoja katika mamilioni:
kishindo chote upande huu,
ng'ambo yake kimya.
Kuna kitu kimepita. Hakikugusa waya,
hakikuacha unyayo.
Sikioni. Nakidai.

Hii kazi nilifundishwa na baba,
Anaeli, karani wa mizani kiwanda cha kahawa,
penseli sikioni, vumbi la makapi kwenye nyusi.
Gunia likiingia anaandika, likitoka anaandika.
Jioni moja daftari likakataa: kilo tisa.
Hakumwita mtu mwizi.
Alikagua matundu ya magunia, unyevu, panya,
jiwe la mizani lililoota kutu,
mkono wake mwenyewe.
Wiki mbili alikaa mezani asiwepo.
"Upungufu si jibu," alisema,
"ni swali lenye uzito."
Zile kilo tisa alistaafu nazo.

Nami nashuku vyombo kwanza:
sensa iliyosinzia,
nyutrino iliyotoroka, kawaida yake,
kosa langu mstari wa mia nne wa programu.
Nikishaondoa visingizio vyote
ndipo nitathubutu kutamka maada ya giza,
na kwa sauti ndogo.

Mgeni mmoja aliniambia, "Si kama mlima wenu?
Ukifunikwa na mawingu, mnajua upo."
Hapana. Mlima nimeuona, hata umenichosha.
Hiki hajakiona yeyote,
ila nyota za pembezoni zinakimbia
kuliko mwanga wote unavyoweza kuzishika,
na hakuna iliyochopoka.

Luku inalia.
Naandika: kwa uzito huu, hakuna.
Nafunga chumba kimoja cha nyumba
ambayo sijui ina vyumba vingapi.

Baba anakohoa ng'ambo ya ukuta.
"Hesabu imetimia?"
"Imetimia, baba."
Kitanda kinalia, anageuka.
"Pole, mwanangu."