Umeme wa Guniani

Kwetu ghorofa ya tano,
ndoo zachosha mikono;
jua tu halina neno,
lajimwaga Michenzani.

Ndugu yangu wa kiume,
fundi wa meli, Shaame,
kaniletea umeme
umefungwa guniani:

kioo cheusi tii,
upana wa meza hii,
mafuta hakitumii,
wachomeka soketini.

Tukakifunga kwa kamba,
kanga zikahama nyumba,
jirani akaniomba:
“Usitutie gizani.”

Mita yangu ya tukuza,
hela ikizichuruza,
adhuhuri hupunguza,
ikila kama mgeni.

Naweka yangu hesabu
nyuma ya kile kitabu
alichoacha Rajabu
alipotoka shuleni.

Elfu nane, au tisa,
kwa mwezi zabaki pesa:
si utajiri wa hasa,
ni nusu gesi jikoni.

Bi Msimu naye pia,
yule aliyeusia,
kaja, simu kashikia:
“Nichajie, we jirani.”

Akaja kijana Ngwali
wa shirika, ana swali:
“Hiki, mama, ki halali?
Hakimo kwenye kanuni.

Sheria yajua moja:
umeme nyumbani huja;
haijapata kungoja
utoke kwako chumbani.

Tukizima, wako upo,
na fundi nguzoni yupo,
akiugusa, hayupo.
Mkewe nimwambieni?”

“Chenyewe hujizimia
umeme ukipotea;
nami giza hungojea
kama nyie wa Fuoni.”

Kaandika karatasi:
“Chomoa plagi upesi.
Mswada hauna kasi,
umelala Barazani.”

Sibishani na sheria,
fundi namhurumia;
ila nami nalilia
barafu ya Ramadhani.

Nimeuchomoa waya;
mita imevunja haya,
yala kama ina kaya,
imeshazoea ndani.

Redio yasema juzi
neno “chombo” lina kazi,
koma mbili ziwe wazi,
kifungu cha thelathini.

Kioo kingali pale,
jua liko vilevile,
juu yake, kanga zile
zakauka kwa thamani.

Jana Ngwali kanijia,
bila sare, kanambia:
“Mama, yule baharia
atarudi mwezi gani?”