Inachemka Bila Moto

Julai hii Uyole inang'ata hadi kwenye kucha.
Bomba linakohoa kwanza ndipo litoe maji,
viazi jikoni vina ubaridi wa mawe ya mtoni,
nami, mtu mzima mwenye akili zangu,
natengeneza aiskrimu.

Mama alifika jana kutoka Mbozi
na kiroba kidogo, mafundo mawili:
kahawa iliyosalia
baada ya chama kupima, kukata,
kulipa nusu na kuahidi nusu.
"Sijui mtaifanyia nini," akasema.
"Sisi kwetu ni chai."

Ni kweli.
Miaka arobaini Baba aliitumikia mibuni ile,
akiijua shina kwa shina: huyu mvivu, yule mchoyo,
huyu wa kona hazai mpaka atukanwe.
Aliichuma buni nyekundu, akaimenya, akaiosha,
akaianika juu ya vichanja, akaigeuza kwa viganja
polepole, kama anayemgeuza mtoto mgonjwa.
Kisha ikapanda lori.
Baba alikufa hajaijua ladha yake.

Basi nimeikaanga, mwiko haupumziki,
hadi punje zikaalika kama vidole vya mtu mchovu.
Nimeitwanga kwenye kinu cha karanga
(harufu ya karanga imebaki; na ibaki).
Maziwa ya Tukuyu, viini vinne vya mayai, sukari,
moto mdogo, mdogo, yasije yakawa mayai ya kuvuruga,
halafu friza, na kila nusu saa uma
kuivunjavunja isijifanye jiwe.

Saa kumi na mbili jioni umeme ukakatika.
Redio ya mama Nsajigwa ikanyamaza katikati ya neno.
"Itoe nje," akasema Lugano wangu, miaka tisa,
"kwani nje si ndiyo friji?"
Tukaiweka juu ya pipa, ukungu wa Loleza ukiishukia,
lakini baridi yetu ni ya mifupa, si ya maziwa:
kingo zikaanza kulegea.
Haya, ni sasa.

Glasi mbili, kopo la jemu, kikombe kilichong'oka mkono.
Kahawa nzito iliyopoa, vidole viwili.
Maji ya gesi.
Kisha kijiko kikubwa cha aiskrimu, pwa!
Povu likapanda, likapanda, likavuka ukingo,
likatambaa juu ya kitambaa cha meza
hadi miguuni pa mshumaa.
Mama akaruka na blanketi lake:
"Inachemka! Inachemka bila moto!"

Akaonja. Akafumba jicho moja.
"Chungu," akasema. Akaonja tena.
"Halafu si chungu."
Povu lilimkaa juu ya mdomo
kama Baba siku za kunyoa.
Hakuna aliyemwambia.

"Kilo moja hutoa glasi ngapi?"
Sikuwa nimehesabu.
"Na huko mjini glasi wanaiuza bei gani?"
Nikataja, nikipunguza kidogo kwa aibu.
Nikaona vidole vyake vinatembea chini ya blanketi,
kidole, kidole, msimu, msimu,
hadi vikasimama.
Akavuta kopo la jemu,
akalikomba kwa kijiko, kr, kr, mpaka chini.

Umeme uliporudi alikuwa amelala.
Kiroba alikuwa amekihamishia karibu na mto,
mafundo matatu.